Mtihani wa Njiti za Kiberiti

Maandishi yaliyonishughulisha zaidi mwaka huu ni fomu. Ina maswali sita na alama 15, na imetungwa kwa ajili ya wazee wa Afrika wanaoshukiwa kuwa na demensia, ule ugonjwa ambao huku kwetu tunauita kusahau, uzee, kurudi utotoni, au, tukiwa na haraka na ukatili, wazimu. Fomu inaitwa IDEA. Ilitengenezwa wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro upande wa Tanzania, miaka ya 2010. Mhudumu anamuuliza mzee: Leo ni siku gani? Kiongozi wa kijiji hiki ni nani? Daraja ni nini? Taja wanyama wengi uwezavyo kwa dakika moja. Anamsomea maneno kumi, na baadaye anamwomba ayakumbuke. Kisha anatoa njiti za kiberiti, anapanga umbo mezani, na mzee anaombwa apange lake lifanane na hilo.

Ni hiyo tu. Nimeisoma mara nyingi kuliko riwaya yoyote niliyonunua mwaka huu, na nataka kuihakiki hapa kama tunavyohakiki riwaya: nani anaongea, anaongea na nani, anadhani msikilizaji wake anajua nini. Kuna watakaosema fomu ya hospitali si fasihi. Sawa. Lakini haya ni maandishi yanayoamua kama mtu mzima bado ana akili zake. Sijui mhakiki yeyote wa vitabu mwenye mamlaka hayo.

Ili uone kwa nini njiti zile ni jambo kubwa, lazima usome kwanza mtihani uliozitangulia. Unaitwa MMSE. Uliandikwa Marekani na Marshal Folstein na wenzake, ukachapishwa 1975, na umetumika karibu kila pembe ya dunia. Una alama 30. Unamuuliza mgonjwa mwaka, tarehe na majira. Unamwomba atoe 7 kutoka 100, kisha 7 tena, na tena. Anaweza kuombwa aendeleze neno la Kiingereza lenye herufi tano kutoka nyuma kuja mbele. Anaombwa asome agizo na alitekeleze, aandike sentensi yoyote aipendayo, achore umbo la pande tano lililopishana na jingine. Kwa mhakiki, sauti inayoongea humu haifichiki hata kidogo. Ni ya mwalimu wa darasa la nne. Aliyekaa mbele ya meza anadhaniwa kuwa aliwahi kuwa mwanafunzi, na kwamba karatasi na kalamu ni marafiki zake wa zamani. (Tangu 2001 haki za mtihani huu zinamilikiwa na kampuni ya Marekani, na fomu zake zinauzwa. Yaani hata kuulizwa leo ni siku gani kuna bei.)

Susu wangu alifanyiwa mtihani huo katika hospitali moja hapa Nairobi. Muuguzi alikuwa mpole, karatasi ilikuwa ya Kiingereza, na tafsiri ilikuwa inapikwa papo hapo. "Shosho, tuko majira gani ya mwaka?" Susu ni mkulima wa Makueni. Ilikuwa Novemba katikati. Akamtazama yule binti, akatazama dirishani, akasema, "Mvua imekataa."

Muuguzi akaandika sifuri.

Mtu wa Ukambani anajua uzito wa jibu lile. Mvua za vuli ndizo tunazozitegemea kule kuliko za masika. Zikichelewa, mwaka mzima umeyumba. Ndani ya maneno mawili Susu alikuwa ametaja majira, akaeleza hali ya shamba, na kama ulikuwa na masikio, akakudokezea pia kwamba kuna karo ya mtu haitalipwa. Lakini karatasi ilikuwa inasubiri jina la majira, moja kati ya manne ya nchi zenye theluji. Walipofika kwenye kuandika sentensi, alishika kalamu kama mtu aliyepewa nyoka amshikie kidogo. Hakwenda shule. Kaka yake ndiye aliyepelekwa. Yeye alibaki na mbuzi. Alitoka pale na alama 13.

Sasa, ingekuwa rahisi kuishia hapo, tumcheke muuguzi, tulaani ukoloni, twende nyumbani. Tatizo ni kwamba Susu alikuwa ameanza kusahau kweli. Alikuwa ameacha sufuria motoni mara mbili mwezi huo. Alikuwa akimwita mama yangu kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Zile 13 zilikuwa na ukweli ndani yake, ila hakuna aliyeweza kutuambia ni alama ngapi zilizochukuliwa na ugonjwa na ngapi zilizochukuliwa na shule ambayo hakupelekwa.

Hapo ndipo pagumu, na hapo ndipo utafiti mwingi wa demensia barani Afrika umekuwa ukipigania. Kukosa elimu utotoni kunaongeza hatari ya kupata demensia ukiwa mzee. Hilo limeonekana mahali pengi. Wakati huohuo, kukosa elimu kunakufanya ufeli mitihani ya demensia hata kama ubongo wako ni mzima. Kwa hiyo jambo lilelile lililomnyima mtu darasa linamwadhibu mara mbili, mara ya kwanza kwenye mwili na mara ya pili kwenye karatasi, na mtihani mbovu hauwezi kukuambia unachokiona ni adhabu ipi.

Kuna kitabu kimoja kinachojaribu kuyatenganisha mambo kama haya, na wapenzi wa fasihi wangekipenda. Ni *Aging with Grace* cha David Snowdon, kilichotoka 2001. Snowdon alianza kuwafuatilia masista wa Kikatoliki mwaka 1986 huko Mankato, Minnesota; hatimaye wakafika 678, wote wa shirika moja. Walikubali kupimwa kumbukumbu kila mara, na wakakubali ubongo wao uchunguzwe baada ya kufa. Uzuri wa masista kwa mtafiti ni kwamba wanaishi maisha yanayofanana sana: chakula kilekile, nyumba ileile, hakuna sigara, hakuna mume. Tofauti zikijitokeza, huwezi kuzisingizia vitu hivyo.

Kisha kwenye kumbukumbu za shirika zikapatikana tawasifu. Wengi wao, wakiwa wasichana wa miaka kama 22, waliandika ukurasa mmoja kuhusu maisha yao kabla ya kuweka nadhiri. Susan Kemper, mtaalamu wa lugha, aliwasaidia watafiti kuhesabu mawazo mangapi yamebanwa ndani ya kila maneno kumi. Matokeo yalichapishwa 1996, kutokana na tawasifu 93. Kati ya masista 14 waliokuwa wamefariki wakati huo, wote ambao tawasifu zao zilikuwa na mawazo machache walikutwa na Alzheimer kwenye ubongo. Kati ya wale ambao maandishi yao yalijaa mawazo, hakukuwa na hata mmoja.

Soma tena hapo. Ukurasa ulioandikwa ukiwa na miaka 22 unaonekana kujua utakavyokuwa ukiwa na 80. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifungua barua pepe zangu za chuo nikaanza kuzihesabu, nikaacha haraka.

Lakini 14 ni watu 14, na Snowdon mwenyewe anapendeza zaidi anapoacha takwimu na kusimulia. Anatueleza habari za Sista Mary, mwalimu aliyefariki akiwa na miaka 101 huku akifanya vizuri kwenye vipimo vyote vya akili, ilhali ubongo wake ulipofunguliwa ulikuwa na madoa na nyuzi zilizosokotana za Alzheimer tele. Ugonjwa ulikuwamo, mgonjwa hakuwapo. Wataalamu wanasema ubongo unaweza kuweka akiba, kama vile mtu anavyoweka mahindi ghalani kabla ya kiangazi, na shule ni mojawapo ya njia za kujaza ghala hilo. Kinachonikera kitabuni ni wepesi wa Snowdon kufanya ule ukurasa mmoja uonekane kama dirisha wazi la akili. Msichana anayeandikia wakubwa wake wa utawa anajua anasomwa. Yupo atakayeandika kwa madaha, yupo atakayefupisha kwa unyenyekevu. Mhakiki wa fasihi angemuuliza swali hilo siku ya kwanza.

Halafu kuna suala la lugha, na hili ndilo lililonifanya nianze kuandika. Mawazo kwa kila maneno kumi: maneno ya lugha gani? Chukua "hatukuwapelekea". Ni neno moja. Ndani yake kuna sisi, kuna wao, kuna kukataa, kuna wakati uliopita, kuna kitendo, na kuna aliyetendewa. Mwingereza anahitaji maneno kama sita kufika hapo. Ukiihamisha hesabu ile kama ilivyo hadi Kiswahili, sote tutaonekana wajuzi wasiopatwa na Alzheimer milele, kuanzia makanga mpaka profesa. Lazima uhesabu upya, kwa viambishi, na kazi hiyo haiwezi kufanywa na daktari peke yake. Inahitaji watu wa isimu, na watu waliozoea kusikiliza wazee wakiongea.

Wasomaji wa vitabu tayari wana mfano wa kuogopesha. Iris Murdoch alitoa riwaya yake ya mwisho, *Jackson's Dilemma*, mwaka 1995, na si wahakiki wote walioifurahia. Alifariki 1999, ikathibitishwa alikuwa na Alzheimer. Mwaka 2005 Peter Garrard na wenzake walilinganisha riwaya hiyo na mbili za awali na kukuta kwamba sarufi ilikuwa bado imesimama lakini msamiati ulikuwa umekonda. Kwa maneno mengine, kabla ya daktari kujua chochote, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuchapishwa, ukauzwa madukani, ukahakikiwa magazetini. Nikisoma hivyo nakumbuka tunavyosema fulani "ameishiwa".

Utafiti wa kinga nao una maandishi yake makuu. Kila baada ya miaka michache jopo la jarida la *Lancet*, likiongozwa na Gill Livingston, hutoa orodha ya mambo yanayoongeza hatari ya demensia na ambayo yanaweza kubadilishwa. Mwaka 2017 yalikuwa 9. Mwaka 2020 yakawa 12. Mwaka 2024 yakafika 14, na jopo likakadiria kwamba kama yote yangeondolewa, karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingezuilika au kucheleweshwa. Presha, kisukari, sigara, pombe kupita kiasi, kutofanya mazoezi, kuumia kichwa, msongo wa huzuni, upweke, hewa chafu, macho yasiyotibiwa. Magazeti yetu huichukua orodha hiyo na kuigeuza mahubiri: fanya hivi, acha vile, kunywa maji. Hiyo 45 ni hesabu ya umma mzima. Haimaanishi wewe binafsi ukikimbia kila asubuhi pale Karura umepunguziwa 45.

Vilevile ukiisoma kwa makini, vitenzi vingi kwenye orodha hiyo havina mtenda. Elimu duni utotoni: nani alimnyima? Hewa chafu: nani aliichafua? Sababu mbili zilizopewa uzito mkubwa kuliko zote, asilimia 7 kila moja, ni kolesteroli mbaya katika umri wa kati na kupungua kwa uwezo wa kusikia. Kusikia! Ukipanda nganya ya Rongai ukakaa nyuma karibu na spika, ukateremka CBD masikio yakilia kama nzige, hakuna aliyekuambia unacheza na kitu chenye uhusiano na ubongo wako wa miaka 70. Na kwa wazee wenyewe, masikio hatuyachukulii kama ugonjwa. Tunapaza sauti tu, kisha tunachoka, kisha tunaacha kuwasemesha. Jaribio moja kubwa la Marekani, ACHIEVE, lilitoa matokeo 2023 baada ya kuwapa wazee vifaa vya kusaidia kusikia. Kwa wote kwa jumla hakukuonekana tofauti. Kwa kundi lililokuwa katika hatari zaidi, kasi ya akili kufifia ilipungua kwa asilimia 48 ndani ya miaka 3. Nayapenda matokeo yasiyonyooka namna hiyo. Yanaaminika.

Ila vichwa vya habari huenda kwa dawa. Lecanemab iliidhinishwa kikamilifu Marekani Julai 2023. Ilipunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27 katika miezi 18, na bei yake ilipotoka ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka. Sina la kuongeza.

Ninachotaka kusifu ni kitu cha bei ndogo kilichofanyika palepale Hai. Kuna tiba iitwayo CST, ya kuchangamsha akili, iliyotungwa Uingereza: vikao 14 vya kikundi, mara mbili kwa wiki, watu wakizungumza, wakiimba, wakicheza, wakijadili picha na mambo ya zamani. Watafiti waliokwenda Hai hawakuitafsiri neno kwa neno. Waliiunda upya kwa wazee wasiosoma, kwa michezo na mambo wanayoyajua, wakaipima, na wakaona maendeleo katika hali ya wazee. Haimponyi mtu. Inampa wiki saba za kuongea na wenzake wanaomsubiri amalize sentensi. Nani nyumbani kwenu hufanya hivyo? Kwetu ilikuwa mama, kati ya kuosha, kulisha na kutafuta funguo, na mama alikuwa amechoka kiasi cha kujibu kabla hajaulizwa.

Kenya nayo ilikuwa kati ya nchi saba za mradi wa utafiti wa STRiDE, pamoja na Brazil, India, Indonesia, Jamaica, Mexico na Afrika Kusini, na kazi ya huku ilifika Makueni. Jambo moja lililoshughulikiwa ni unyanyapaa. Nilifurahi, maana huko ndiko usomaji mbaya unakoua. Mzee anayetangatanga usiku, anayejisemesha, anayeingia nyumba isiyo yake akiamini ni yake: daktari anasoma dalili, jirani anasoma uchawi. Pwani, huko Kilifi, wazee wameuawa kwa tuhuma hizo. Oktoba 2021 huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati ulioamini ni wachawi. Umati huo nao ulikuwa na mtihani wake, wa swali moja, na ulikuwa umekwisha kuusahihisha.

Turudi kwenye fomu ya Hai, maana nayo haikosi kasoro. Nampenda aliyewaza njiti za kiberiti. Badala ya umbo la kuchora kwa kalamu, kitu ambacho kila mkono wa kijijini umekishika tangu utoto. Na ilipojaribiwa, kiwango cha shule hakikuwa na athari kubwa kwa alama. Hiyo ni kazi safi. Lakini "Daraja ni nini?" lina mtego. Kwa Kiswahili daraja ni kitu cha kuvukia mto, na pia ni cheo, na pia ni kiwango cha ufaulu. Mzee akijibu "ni cheo" je? Natumaini mwenye kalamu ana kamusi kichwani. Tena wanyama kwa dakika moja: mfugaji atakutajia ng'ombe kwa rangi zao zote. Hao ni wanyama wangapi?

Na kiongozi wa kijiji. Kwa Hai ni swali zuri ajabu, kwa sababu pale mwenyekiti wa kijiji ni mtu unayemwona, unayemsalimia, unayemteta. Ulilete Pipeline. Niulize mimi, mwenye akili timamu na digrii ukutani, chifu wangu ni nani: sijui, na hata jirani wa mlango wa pili simjui jina. Wazee wanahamia mjini kuishi na watoto wao, sisi wenyewe tutazeekea kwenye ghorofa hizihizi, na gesi siku hizi inawashwa kwa kubonyeza; tutakapofika 70 njiti ya kiberiti itakuwa ngeni kwetu kama kalamu ilivyokuwa kwa Susu. Mtu atabidi akae chini atunge maswali ya Nairobi, na ayajaribu kwa wazee wa Nairobi, mtaa kwa mtaa.

Nimeanza orodha yangu kwenye simu. Swali la kwanza: kodi ya nyumba inalipwa kabla ya tarehe ngapi? La pili bado tunabishana na mama. Yeye anataka liwe bei ya sukuma ya leo. Namwambia mama, hiyo hata daktari atafeli.